Msumeno wa Mama Mkwe Umegoma

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Msumeno uko mezani kwangu ninapoandika. Mke wangu ameutandikia gazeti, eti usitie doa kitambaa. Ameshaanza dharau.

Mambo yalikwenda hivi. Upepo wa juzi uliangusha mkaratusi nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Umelala kati ya mlango wa jikoni na tangi la maji, mnene wa kumfika mtu kiunoni. Mama mkwe akitaka ndoo moja ya maji inabidi azunguke nyumba nzima, na goti lake la kushoto halimpi raha. Leo alituita wakwe zake wawili, mimi na mwanyumba wangu. Akatoa msumeno wa mnyororo wa marehemu baba mkwe, aliyekuwa mpasua mbao maisha yake yote. Akasema atakayeutoa mti huo njiani kwa msumeno huo kabla ya Jumapili ijayo, msumeno ni wake moja kwa moja.

Mwanyumba akasema tuutazame pamoja. Pamoja! Tumeoa dada wawili, basi, hatukuoana sisi. Yeye ni fundi wa madirisha ya alumini. Ana sanduku la spana zilizopangwa kwa ukubwa, kila moja na kitundu chake, na akifikiri hushika kidevu. Watu wanamwita Injinia. Mimi wananiita Bingwa. Jina nilijipa mwenyewe nilipofungua kibanda cha kunyoa, lakini wateja wamelizoea.

Mke wangu ndiye dada mkubwa, kwa hiyo nikadai zamu ya kwanza. Mama mkwe akasita. Ndipo mke wangu akamwambia mama yake, mbele ya watu wote, kwamba nitauweza na kwamba yeye ananidhamini. Alisema hivyo akinitazama mimi, si mama yake. Nilifurahi kuliko ninavyotaka kuandika. Nimepewa hadi Jumamosi asubuhi. Nikishindwa, zamu ya Injinia.

Wakati naondoka mama mkwe alinifuata mlangoni, akataka kunionyesha kitu kwenye msumeno. Nikamwambia, kwa heshima zote, mama pumzika.

Miaka kumi na moja nafungua na kufunga mashine za kunyolea. Mashine ni mashine. Hii ina meno makubwa tu.


Jumatatu, 10 Juni

Nimeubeba msumeno hadi kibandani, nikauweka kwenye kiti cha pili, wateja wauone. Nikapita pia kwa mchora mabango. Bango jipya nimeagiza lisomeke BINGWA: NYWELE NA MITI. Aliniuliza kama nimeshakata mti wowote. Nikamwambia achore.

Tatizo la msumeno ni moja. Mnyororo hauzunguki. Nimevaa glavu, nimeuvuta kwa mkono, hausogei hata kidogo. Umeganda kwenye lile bapa refu la chuma linaloubeba.

Uchunguzi wangu: umekazwa mno. Marehemu alikuwa na mkono mzito. Nikashika bisibisi, nikalegeza skrubu ya pembeni. Bado. Nikalegeza tena. Bado. Nikalegeza mpaka mnyororo ukaning'inia chini ya bapa kama suruali isiyo na mkanda. Bado hauzunguki! Umelegea na umeganda kwa wakati mmoja. Ukaidi wa namna hii sijawahi kuuona kwenye chombo chochote.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kwenye kiti cha kwanza, nimemnyoa upande mmoja. Akauliza ule mkingo mweusi ulio mbele ya mpini wa kushikia una kazi gani. Nikamjibu, kukinga mkono. Akauliza mbona umelala mbele, kwa nini usiwe wima. Nikamwambia atulie nisije nikamkata sikio. Akauliza tena. Nikamwacha, nikarudi kwenye skrubu yangu. Nilipogeuka alikuwa ameshavaa kofia, anasema ana kipindi. Ameondoka na upande mmoja. Mtu wa hesabu anajua nini kuhusu mashine?


Jumanne, 11 Juni

Nimeamka na jibu. Ukavu! Mashine ya kunyolea ikikwama unaidondoshea mafuta matone mawili, unaigonga kidogo, inaendelea. Msumeno huu umekaa miaka miwili bila kuguswa. Lazima koo limeukauka.

Kichupa changu cha mafuta ya mashine kimeishia kwenye meno manne ya kwanza. Ndani ya msumeno kuna tangi dogo la mafuta ya mnyororo, nalo lilikuwa tupu kabisa. Dukani wana mafuta yake hasa, lakini dukani kuna foleni, na jikoni kulikuwa na chupa ya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Yalikuwa na vipande vya vitunguu. Vidogo. Nikayamimina.

Nikavuta kamba ya kuwashia mara kumi na tisa. Ya ishirini injini ikaitika! Ikanguruma mpaka kioo cha kibanda kikatikisika. Mnyororo? Umetulia tuli. Nikaongeza moto ili kuutia moyo. Ukatoka moshi ubavuni, na harufu mbili, moja ya kitu kinachoungua na nyingine ya kitu kinachokaangwa. Watu watatu wakasimama mlangoni kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Nikawafukuza.

Jioni mke wangu alisikiliza hadithi yote bila kucheka, isipokuwa kwenye vitunguu. Halafu akasema, "Si umuulize tu mama? Alikuwa na baba kila siku huko kwenye mbao."

Nikamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu anayependwa. Mama alikuwa huko, ndiyo. Alikuwa anapeleka chai. Nami nimepewa mtihani, na mtu hamwendei mtoa mtihani kumwomba majibu. Akasema huo si mtihani, ni gogo. Tukalala hapo.


Jumatano, 12 Juni

Bega la kulia haliinuki. Ni ile kamba. Nimenyoa kwa mkono wa kushoto, watu wawili, wote wamelalamika.

Mchana akaja Injinia, eti kunyolewa. Thubutu! Amekuja kupeleleza. Alikaa kitini amefungwa kitambaa shingoni, macho yake yote kwenye msumeno. Akashika kidevu chini ya kitambaa, nilimwona. Kisha, kwa ile sauti yake ya hospitali, akaniuliza kama nimeangalia breki.

Nilicheka mpaka bega likauma. Breki! Nikamwambia, mwanyumba, breki ni ya kitu kinachosafiri. Baiskeli ina breki. Msumeno unakwenda wapi? Akasema basi, yeye alikuwa anauliza tu.

Nimemnyoa vizuri mno, ili akafikirie. Alipoondoka nikaupekua msumeno wote, juu na chini, kutafuta breki. Hakuna kanyagio lolote. Hakuna waya. Nilijua.


Alhamisi, 13 Juni

Siku kubwa! Naandika mikono ikiwa na masizi na moyo mweupe.

Leo nimeamua kuufungua. Nati mbili, kifuniko kikatoka. Mnyororo nikautoa, nikautandaza sakafuni. Bapa nikalishika mkononi, nikalitazama kwa kulielekeza kwenye taa. Pembezoni mwake kote kuna mfereji mwembamba, na mnyororo una vimeno vya chini vinavyotembea ndani ya mfereji huo. Nikaona kosa papo hapo. Mfereji umepanuka! Vimeno vinacheza mle ndani, vinapoteza mwelekeo. Dawa ni kuubana. Nikalaza bapa kwenye ngazi ya kibanda, nikapiga nyundo ukingoni. Kwa adabu. Mapigo kama arobaini.

Kuurudisha mnyororo kukazaa swali la kitaalamu. Meno yatazame wapi? Nilikaa nalo nusu saa, wateja wanasubiri. Upande wa juu wa bapa, meno yakitazama mbele yanakimbilia huko mbali, huyaoni yanafanya nini. Yakinitazama mimi, nayasimamia. Nikayaweka yanitazame. Mzee mmoja mteja akasema alidhani ni kinyume chake. Nikamwuliza yeye anafanya kazi gani. Akasema amestaafu. Basi!

Nikaunga kila kitu, nikauweka juu ya kiti. Nikavuta mnyororo. Wapi. Nikapandwa na hasira, nikaupiga kiti teke. Msumeno ukateleza, mkingo mweusi ukagonga mkono wa kiti, ukasema "tak", na mimi nikaudaka kabla haujafika sakafuni. Nikauvuta tena mnyororo kwa mazoea tu.

Ukazunguka!

Nimewaita majirani wote waje waone. Nyundo! Mapigo arobaini, na mashine iliyoshindikana ikatii. Ni kweli kwamba ukizunguka shibiri moja unakwama, unausukuma, unaenda, unakwama tena palepale nilipopiga sana. Hayo ni mambo ya mazoea. Mgonjwa akiamka kitandani haambiwi akimbie siku hiyohiyo.


Ijumaa, 14 Juni

Bado unakwamakwama. Nimeupaka sabuni. Nimepunguza vile vimeno vya chini kwa tupa ya kucha, sita au saba, mpaka tupa ikaisha makali. Sasa unakwama sehemu nyingine pia. Maendeleo, maana awali ulikuwa unakwama sehemu moja tu na nikauzoea.

Bango limefika. Zuri! Mchora mabango ameweka mti wenye nywele. Sikumwambia aweke, lakini nimelipenda. Nimelitundika, na nimewaalika wateja wote kesho saa tatu kwa mama mkwe waje kuona kazi. Mwalimu wa hesabu amekubali kuja. Bado ana kofia.

Mama mkwe alipiga simu kwa mke wangu, kuuliza kama nina swali lolote. Nikasema ampe salamu zangu, sina. Mke wangu akaweka simu chini. Akasema, "Mimi ndiye niliyesimama pale nikakudhamini, unakumbuka?" Nikamwambia nakumbuka, ndiyo maana siulizi. Sitaki kesho aseme mume wake alisaidiwa. Na huo ndio ukweli wangu wote, hata kama haukuonekana kumfurahisha.

Mchana akaenda kwa mama yake kumsaidia kufua. Amerudi jioni na kucha nyeusi. Nikamwambia sabuni za siku hizi ni mbovu. Akasema ndiyo, mbovu kabisa.


Jumamosi, 15 Juni

Naandika haya kwa utulivu. Mtu mwenye haki huwa mtulivu.

Walikuja watu ishirini na kitu. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, goti limenyooshwa. Injinia pembeni na sanduku lake, hakulifungua, heshima hiyo nampa. Mke wangu karibu na mama yake. Mimi nikatoa hotuba fupi kuhusu mashine na subira, nikavuta kamba. Injini ikawaka mara ya tisa. Makofi!

Nikaushusha mnyororo kwenye gogo. Ukaenda. Ukakwama. Ukaenda. Gogo likaanza kutoa moshi. Hakukutoka unga wa mbao hata chembe, moshi mtupu, wenye harufu ya vitunguu. Niliegemea kwa uzito wangu wote. Dakika kumi na tano, jasho linaingia machoni, na nilipouinua nikakuta mstari mweusi kwenye gamba, kina chake kama ukucha. Mstari ulionyooka, lazima niseme.

Nikawatangazia watu kwamba mkaratusi huu una chuma ndani. Mwalimu wa hesabu akavua kofia, akajikuna ule upande usionyolewa, na watu wakaanza kucheka. Nikarudi kwenye gogo kwa nguvu. Mnyororo ukakwama kabisa, injini ikazimika.

Injinia akapiga hatua moja. Nilimwona anashika kidevu. Lakini kabla hajafika, mama mkwe akanyoosha mikono yote miwili kutoka pale kigodani. "Nileteeni hapa," akasema.

Akaulaza mapajani kama mtu anayetaka kuchambua mchele. Akafungua nati mbili bila kuzitazama. Akautoa mnyororo, akaugeuza, akanionyesha meno kwa kidole, kisha akanionyesha mbele. Akalipitisha bapa mbele ya jicho, akasimama palepale nilipopiga nyundo, akaomba tupa bapa. Injinia akafungua sanduku. Mama mkwe akachonga ule ukingo uliobonyea, taratibu, kisha akaingiza ncha ya bisibisi mferejini akaupanua tena. Akachukua njiti ya kiberiti, akachokoa tundu la mafuta. Kikatoka kipande cha kitunguu. Akakinusa. Watu walivunjika mbavu, na yeye ndiye pekee ambaye hakucheka.

Vile vimeno nilivyovichonga kwa tupa ya kucha alivipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba. Akasema huo mnyororo umekwisha, ila ndani kuna mwingine. Mke wangu akaingia akauleta, bila kuuliza uko wapi. Hilo nimeliona sasa hivi, ninapoandika.

Mwisho akashika ule mkingo mweusi. Akausukuma mbele: tak. Akavuta mnyororo, haukusogea. Akauvuta mkingo nyuma: tak. Mnyororo ukateleza kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo breki," akasema. "Kila ukiutua chini unaifunga. Niliifunga mwenyewe siku tulipomzika baba yenu, sikuifungua tena."

Injinia akamwuliza kwa adabu, mama amejuaje yote haya. Akasema marehemu alikuwa anakata tu. Kuchonga meno, kubadilisha mnyororo, kunyoosha bapa, hiyo ilikuwa kazi yake yeye, miaka ishirini na minne. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo naye hakuwahi kusema.

Niliona aibu. Naandika mara moja tu, sirudii. Si kwa sababu ya watu. Ni kwa sababu mke wangu alikuwa anatazama chini muda wote huo.

Goti haliwezi kumsimamisha mama mkwe na uzito ule, kwa hiyo gogo halikukatwa. Akasema Jumatatu, saa tatu asubuhi, twende atufundishe. Nikamsikia vizuri. Atakayeweza kuufungua na kuufunga mbele yake, kisha akate gogo, msumeno atachukua. Akaniambia mimi hasa, kwa upole, "Na wewe mwanangu, uje."

Nikamwambia nitakuja, mama.


Jumapili, 16 Juni

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Tupime mambo kwa haki.

Nani aliuwasha msumeno baada ya miaka miwili? Mimi. Nani aliutafutia mafuta? Mimi. Nani aliifungua breki? Mimi, kwa teke, siku ya Alhamisi, bila kufundishwa na mtu, na bila hata kujua ipo. Hilo si jambo dogo. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, alikuja kumalizia. Mwenye kumalizia ndiye hupigiwa makofi, hiyo ni dunia.

Mke wangu anasema kesho nifike saa tatu kamili, nikae, nisikilize, nisiseme. Msumeno bado unaweza kuwa wangu, anasema, ni kukaa kimya kwa saa mbili tu. Nimemwahidi.

Nimetumia mchana kuandika hoja kumi na nne za kumrekebishia mama mkwe. Kwa mfano, kwa nini aushike mapajani wakati kuna kiti cha kinyozi.


Jumatatu, 17 Juni

Nilitoka nyumbani saa nne na nusu. Kwa makusudi. Wanafunzi ndio huwahi. Nikifika mapema nitakaa mstari mmoja na Injinia, tunafundishwa kama watoto wa darasa la kwanza. Nikifika baadaye, naingia kama mtu anayekuja kukagua. Mke wangu alishaondoka asubuhi, nikadhani amekwenda sokoni.

Nilisikia mlio nikiwa bado barabarani. Mlio mzuri, mfululizo, usiokwama. Nikasema moyoni, Injinia huyo. Nikakaza mwendo na karatasi yangu.

Kufika nyuma ya nyumba, gogo halipo. Kuna vipande tisa, vyeupe pande zote, na Injinia anavipanga ukutani kwa ukubwa. Mama mkwe anatoka kwenye tangi na ndoo ya maji, polepole, moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Bila kuzunguka. Alitua ndoo, akageuka kuitazama njia yake, akacheka peke yake.

Na aliyeshika msumeno ni mke wangu.

Amevaa buti za baba yake, zimejazwa soksi. Unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Akauzima, akasukuma mkingo mbele, tak, ndipo akautua chini. Injinia akaniambia yeye pia alijaribu, akaweza kuufunga, lakini dada alikuwa na kasi zaidi. Alianza kujifunza kwa mama tangu Ijumaa, kwa ule mnyororo wa akiba. Alisema hivyo bila kijicho chochote, jambo ambalo huwa linaniudhi kwake.

Mama mkwe akasema msumeno ni wa mwanawe. Alisema mtoto huyo ndiye aliyekuja akamuuliza.

Nilisimama pale na hoja zangu kumi na nne. Mke wangu akanijia, akafuta uso kwa kiganja, akaupaka uchafu zaidi. Nilingoja anigombeze, na ningestahili. Akasema, "Nilimwambia mama tutauweza. Tumeuweza."

Tumeuweza! Alivyolitamka hilo neno, nilimpenda hata nikasahau kukasirika. Kama dakika mbili hivi. Kisha nikabeba magogo na Injinia mpaka saa saba. Ya kwake aliyapanga vizuri zaidi.


Jumatano, 19 Juni

Msumeno umo nyumbani kwangu. Nilisema tangu siku ya kwanza kwamba utaingia, na umeingia. Kama aliyeuleta ni mimi au mke wangu, hiyo ni habari ya ndani ya familia.

Mambo yanakwenda haraka. Mwalimu mkuu wa shule amesikia habari, na kesho saa tatu mke wangu anatakiwa kule kukata mti mkavu unaoegemea paa la darasa. Mtu wa kwanza kumwita kwa kazi! Jana ameuchonga mnyororo, ameufuta, ameufunga, akauweka kabatini. Akaniambia jambo moja tu. Nisiuguse. Nikitaka kuugusa, nimuulize kwanza. Nikamwambia hilo ni jambo dogo sana, na nitamuuliza.

Na ningemuuliza! Lakini mchana huu amekwenda kwa mdogo wake kuazima miwani ya kazi, na simu ameiacha mezani. Mama mkwe ningeweza kumpigia, ila mtu hamsumbui mzazi mwenye goti bovu kwa swali dogo. Injinia simpigii.

Swali lenyewe ni hili. Jumatatu, nilipokuwa nimesimama pale, nilisikia mlio mdogo upande wa kushoto wa msumeno. Yeye hakuusikia, alikuwa juu yake, injini inanguruma. Injinia hakuusikia, alikuwa anapanga magogo. Ni mimi tu. Je, nimwache mke wangu aende mbele ya shule nzima na mlio upande wa kushoto? Mume gani huyo? Miaka kumi na moja sikio langu linasikiliza mashine.

Nimefunga breki kwanza, nimejifunza. Kisha nimelegeza nati mbili tu, za kifuniko, ili nichungulie.

Mbili tu. Moja ninayo hapa mkononi.